Waliofidiwa Walikuwa Mabwana: Ardhi ya Mwambao wa Kenya na Hesabu ya Utumwa Isiyofungwa

Boma la mzee huyu liko upande wa bara wa barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka kwenye lami, na mgeni afikapo mara ya kwanza huhisi kwamba pana kitu kimepungua asijue ni kitu gani. Ni baada ya kukaribishwa kiti kwenye kibanda cha makuti ndipo anapotambua kwamba uwanja mzima hauna mti. Pwani mtu hupanda mnazi kabla hajamaliza kukandika ukuta wa nyumba yake, na chini ya mwembe ndipo wazee wanapobarizi. Hapa pana muhogo, mahindi na kunde, na kivuli pekee ni cha paa. Nilipomwuliza sababu alinijibu bila uchungu, kama mtu aelezaye majira ya mvua, kwamba baba yake alikatazwa. Mwenye shamba aliruhusu mimea ing'olewayo ndani ya mwaka, akakataza mnazi, mwembe na mkorosho. Kwa desturi ya Mwambao mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, na aliyepanda mnazi hafukuzwi hivi hivi pasipo kulipwa mnazi wake. Asiye na mti huondoka mikono mitupu.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la bati la majani ya chai. Humo mlikuwa na vikaratasi vilivyogeuka rangi, baadhi vimeliwa na mende pembeni: stakabadhi za ijara ambayo baba yake alimlipa msimamizi wa shamba miaka ya kabla ya uhuru. Jina la mwenye shamba limo katika kila karatasi, lakini mzee hajapata kumwona mtu yeyote wa ukoo huo. Husikia tu kwamba wajukuu wako Oman na wengine Uingereza. Babu yake mzaa baba, kwa maelezo yake mwenyewe, aliletwa Malindi akiwa kijana kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Bibi yake alikuwa Mgiriama. Yeye amezaliwa hapo, wazazi wake wamezikwa hapo, na katika karatasi za serikali anaitwa skwota, yaani mkaaji wa ardhi ambayo kisheria si yake.

Neno hilo linawadhulumu watu wengi kuliko tunavyokiri. Msikilizaji wa Nairobi au Nakuru akisikia habari za maskwota wa Pwani humjia picha ya watu waliovamia shamba la mtu, na wanasiasa huizungumza kadhia yenyewe kana kwamba ni ya msongamano wa watu, au ya uzembe wa wapwani kutofuatilia hatimiliki. Ninavyoona mimi, uskwota wa Mwambao ni utumwa wenyewe uliohamishwa kutoka kwenye mwili wa mtu ukatiwa kwenye daftari la ardhi. Utumwa ulikomeshwa kwa kumlipa bwana na kumwacha mtumwa bila shamba. Sheria ya kikoloni ikauandika mgawanyo huo kwenye vyeti. Na serikali huru ikaahidi, kwa mkono wake yenyewe, kuvilinda vyeti hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakati wa utawala wa Sayyid Majid wa Unguja, Malindi ilianzishwa upya baada ya kuwa gofu kwa miongo mingi. Udongo wake ulikuwa na rutuba na soko la nafaka la Uarabuni lilikuwa na njaa. Katika muda wa miaka michache mashamba ya mtama na ufuta yalienea kutoka mjini hadi karibu na Mto Sabaki, nayo yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiletwa kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873 na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, likafungwa na usafirishaji wa watu kwa majahazi ukapigwa marufuku. Lakini mahitaji ya mashamba hayakufungwa, na kwa miaka kadhaa misafara ilipita nchi kavu, kutoka Kilwa kufuata pwani kuelekea kaskazini. Nadhani babu wa mzee wangu aliletwa kwa njia hiyo. Si wote waliotoka mbali, hata hivyo. Katika njaa ya 1884, ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, zilikuwapo familia zilizoweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka wa pwani, na rehani isiyokombolewa iligeuka utumwa.

Inafaa kutazama jinsi mtumwa wa shamba alivyoishi, kwa kuwa ndiko ulikozaliwa uskwota. Alipewa ngwe, yaani kipande kilichopimwa cha kazi ya siku, na pembeni alipewa konde la kujilimia chakula chake. Wengine, hasa baada ya kuzoeleka, waliruhusiwa kukaa na kulima au kufanya kazi wenyewe kwa sharti la kumpelekea bwana malipo yaliyokubaliwa kila muda uliowekwa. Malipo hayo yaliitwa ijara. Zile stakabadhi za kwenye kopo la chai zimeandikwa neno hilo hilo. Babu alitoa ijara kwa sababu mwili wake ulikuwa mali ya bwana. Baba akatoa ijara kwa sababu ardhi iliyo chini ya miguu yake ilikuwa mali ya bwana. Na kati ya hali hizo mbili kuna siku moja iitwayo siku ya uhuru wa watumwa.

Kabla ya siku hiyo kufika, wapo waliojikomboa wenyewe, na sipendi wasahaulike. Watoro waliokimbia mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa walijenga makazi yao huko Fuladoyo, Makongeni na kwingineko nyuma ya pwani, wakalima na kujilinda kwa silaha. Wengine walikimbilia kwenye misheni ya Rabai, au kwenye kijiji cha Freretown ambacho Wamisionari wa Kianglikana walikianzisha Mombasa mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa baharini. Kengele yake ndiyo iliyopatia mahali pale jina la Kengeleni, ambapo leo makondakta wa matatu huita abiria bila kukumbuka ililia kwa ajili ya nani. Mabwana walipokuja Rabai kudai watu wao, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilimaliza ugomvi ule mwishoni mwa 1888 na mwanzoni mwa 1889 kwa kununua uhuru wa watoro zaidi ya 1,400. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Watoro walipewa karatasi.

Huo ndio mtindo uliotangulia na ndio uliofuatwa. Waingereza hawakuubuni Afrika Mashariki. Bunge lao lilipokomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na mkopo uliogharimia fidia hiyo haukumalizwa kulipwa hadi 2015. Mtumwa wa Jamaica hakupata hata senti. Unguja na Pemba, amri ya Aprili 1897 iliondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa, lakini mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, athibitishe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana wake ndiye aliyelipwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Huku bara, katika Himaya ya Afrika Mashariki, sheria kama hiyo ilianza kutumika Oktoba 1907, na kwa miaka kadhaa iliyofuata maofisa walikaa kupokea madai ya mabwana na kuwakadiria hasara yao. Katika Tanganyika, Wajerumani waliamua tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, na utumwa wenyewe haukufutwa mpaka Waingereza walipotunga sheria mwaka 1922.

Naomba msomaji afikirie kilichomkuta mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 Oktoba ile ya 1907 huko Mambrui au Takaungu. Ameambiwa yu huru. Anaweza kuondoka, lakini nyumba, konde na makaburi ya watoto wake viko katika shamba la bwana. Akiondoka hana pa kwenda. Akibaki, anabaki kwa ridhaa ya mtu ambaye jana alikuwa akimmiliki na ambaye leo mfukoni ana fedha ya fidia. Wengi walibaki. Walikubaliana na mabwana zao wa zamani kulima na kutoa sehemu ya mavuno, au ijara kidogo ya mwaka, na kwa muda makubaliano hayo hayakuwa mabaya sana, kwa sababu mabwana waliokosa watumwa walihitaji watu wa kuzuia mashamba yasigeuke pori. Mamlaka ya bwana yalikuwa yamelegea, na kama mambo yangeachwa yaende kwa desturi, huenda kizazi kimoja au viwili baadaye wakulima wale wangehesabiwa kuwa wenyeji na wenye haki mahali pale. Miji mingi ya pwani ilikua hivyo, kwa watu waliokuja kama wageni au watumwa na wajukuu wao wakawa wenye mji.

Mambo hayakuachwa. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya kukomesha utumwa, serikali ya Himaya ilipitisha Sheria ya Vyeti vya Ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili 10 wa Mwambao, ambao kisheria ulikuwa bado wa Sultani wa Unguja. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kufika mbele ya msajili na ushahidi, mashahidi na ramani, na ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikawa mali ya Taji la Uingereza. Juu juu ilikuwa sheria ya usajili isiyobagua mtu. Lakini tujiulize ni nani aliyekuwa na hati ya kadhi, ni nani aliyejua kuandika maombi, ni nani aliyekuwa na fedha za mpimaji, na ni nani ambaye ofisa wa Kiingereza alimwona kuwa aina ya mtu awezaye kumiliki ardhi peke yake. Mtumwa aliyeachwa huru miezi michache iliyopita angemleta shahidi gani, na dhidi ya nani? Wamijikenda nao walihesabiwa kuwa watu wa nyika, nje ya ukanda, na haki yao ya pamoja kupitia kaya, yaani makao yao ya asili ya msituni, na mbari haikuwa na safu katika daftari lile. Kilichokuwa mazoea yawezayo kujadiliwa kila msimu kikawa cheti kisichojadilika. Na baada ya kuwa cheti kiliweza kuuzwa. Wenye mashamba wengi, wakiwa na madeni, waliuza kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kwa Wazungu waliotaka mpira, mkonge na pamba, wanunuzi ambao hawakujua lolote, wala hawakutaka kujua, kuhusu waliokuwa wakiishi humo.

Miaka sita baadaye ndipo ilipoonekana wazi kwamba ardhi ingetumika kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mnyororo. Mashamba yalikosa wafanyakazi baada ya 1907. Wagiriama, jamii mojawapo ya Wamijikenda, waliolima kaskazini ya Sabaki walikuwa na nafaka ya kutosha kula na kuuza, na hawakuona sababu ya kwenda kuwa vibarua vya mtu. Serikali iliona sababu. Mkuu wa jimbo, Charles Hobley, alitaka walazimishwe kuja kusini ya mto ili waache kujitegemea na watoe nguvu kazi, na ofisa wake Arthur Champion akatumwa kukusanya kodi na watu. Mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwalisha watu kiapo cha mukushekushe kwamba hakuna atakayetoa mwanawe. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma nyumba, ikatoza faini, ikadai wapagazi 1,000 kwa ajili ya vita, na ikaamuru Wagiriama waliokuwa kaskazini ya Sabaki wahamie kusini. Shuleni tunafundishwa habari za Mekatilili kama hadithi ya mwanamke shujaa, na hakika alikuwa shujaa, ila kwa nadra sana mwanafunzi huambiwa kwamba ugomvi ule ulihusu nani achukue nafasi ya mtumwa aliyeachwa huru. Wagiriama walihamishwa kutoka kwenye ardhi waliyokuwa wakiilima, na baadaye, waliporudi kidogo kidogo kutafuta pa kulima, waliikuta ina wenyewe kwenye karatasi. Ndivyo wajukuu wa watumwa na wajukuu wa waliokataa kuwa vibarua walivyokutana katika mashamba yale yale, chini ya jina moja la skwota.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mara nyingi huachwa kwa hofu au kwa hamaki. Kadhia hii si ya Waarabu dhidi ya Waafrika, na wanaoiandika hivyo wanawapa watu adui asiyekuwepo. Miongoni mwa waliomiliki watumwa walikuwamo Waswahili wa koo za zamani, na hata Wamijikenda wenye uwezo. Fedha za kuendeshea mashamba zilikopwa kwa Wahindi. Na leo zipo familia nyingi zenye asili ya Kiarabu Mombasa, Malindi na Lamu ambazo hazina hata pa kumzika mtu wao. Wakati huo huo haifai kufunika ukweli kwa kusema utumwa wa pwani ulikuwa mpole. Mtu aliyeuzwa aliuzwa. Ninachosisitiza ni kwamba utumwa ulikuwa tayari unakufa Mwingereza alipokuja na cheti, na cheti ndicho kilichoipa hali ile uhai wa miaka mingine mia moja na zaidi.

Uhuru ulipokaribia palikuwa na nafasi ya kuifungua hesabu hii. Tume ya Sir James Robertson ilizuru Mwambao mwaka 1961, na hofu ya wenye ardhi ilikuwa kubwa, maana kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitenge. Oktoba 1963 makubaliano yalifikiwa London kwamba ukanda wa maili 10 uwe sehemu ya Kenya. Katika barua zilizobadilishwa kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, Kenya iliahidi, pamoja na uhuru wa dini na kuendelea kwa mahakama za kadhi, kwamba vyeti vya umiliki wa kudumu vilivyokwisha sajiliwa Pwani vitatambuliwa daima. Neno daima ni zito. Waliosaini walikuwa wakizungumza kuhusu amani na umoja wa nchi, na sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Lakini mtu aliyekuwa akilipa ijara Takaungu siku ile hakuwa na mwakilishi mezani, na kilichotiwa muhuri kwa niaba yake ni matokeo ya 1908. Miezi mitatu baadaye Mapinduzi ya Zanzibar yaliipindua serikali ya Shamte. Huko visiwani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 maskwota walifukuzwa mashambani kwa sababu ya kura zao, ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. Ilifanyika kwa damu nyingi na dhuluma nyingine mpya, na siipendekezi kama mfano. Lakini visiwani swali la shamba ni la nani liliulizwa. Bara halikuulizwa.

Kilichofuata Kenya kilikuwa miradi ya makazi. Mtondia, Gede, Magarini, Ziwa Kenyatta: majina yanajulikana, na baadhi ya watu walipata vipande vyao kwa miradi hiyo. Katika ule wa Ziwa Kenyatta, Lamu, sehemu kubwa ya ardhi ilikwenda kwa watu walioletwa kutoka bara, na jeraha hilo halijapona. Ploti za ufuoni nazo zilikatwa kwa wakubwa, kama ripoti ya tume ya Ndung'u ilivyoeleza mwaka 2004 kuhusu ugawaji wa ardhi ya umma nchini kote. Lakini hata mradi uliofanywa kwa nia njema una kasoro katika misingi yake, kwa sababu serikali hununua shamba kutoka kwa mwenye cheti kwa bei ya soko, kisha humtaka mkaaji airudishe gharama hiyo kidogo kidogo ndipo apate hati yake. Januari 2016 wakaaji wa shamba la ekari 930 huko Likoni walikabidhiwa hati huku kila mmoja akitakiwa kulipa zaidi ya shilingi 180,000. Shamba lile lina historia yake na halikutokana moja kwa moja na mashamba ya watumwa, ila utaratibu ni ule ule unaotumika kwingine. Ukiutazama kutoka kwenye boma lisilo na mti, maana yake ni hii: bwana alilipwa 1907 kwa kumpoteza mtumwa, akalipwa ijara kwa miaka 50 au 60 na mtumwa yule yule na wanawe, na sasa mrithi wake analipwa mara ya tatu ili aondoke, na mlipaji wa mwisho ni mjukuu wa mtumwa.

Athari yake si ya ekari pekee. Asiye na hati hakopeshwi na benki. Asiye na uhakika wa kulala hapo mwakani hajengi kwa mawe; kijana wa mzee wangu alileta matofali kutoka Mombasa, msimamizi akaja kuusimamisha ujenzi, na hadi leo yamerundikwa nyuma ya nyumba yakiota kuvu. Katika Mombasa yenyewe kuna mtaa baada ya mtaa ambako mtu anamiliki nyumba lakini haimiliki ardhi iliyo chini yake, hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na siku ardhi ikiuzwa hubomoa mapaa ya bati na kuhama nayo. Watu huishi maisha yao yote kwa kipimo cha muhogo, mmea uwezao kung'olewa.

Na lugha yenyewe imebeba mzigo. Tunasema mtu ana uungwana tukimaanisha adabu na utu, wakati mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Kwa hiyo kila tunaposifu adabu tunarudia, bila kukusudia, dai kwamba mtumwa hakuwa nayo. Kibarua, neno la kila kijana atafutaye kazi ya mjengo, lilikuwa jina la mtumwa aliyekodishwa kwa siku na kupewa kijibarua cha kuthibitisha kazi yake. Majina kama Mabruki, Feruzi, Farijala na Songoro, ambayo mabwana waliwapa watu wao, bado yanaweza kumfanya mtu aangaliwe kwa jicho la pembeni posa inapopelekwa. Nimewahi kukaa katika kikao cha posa ambapo wazee walishusha sauti walipofika kwenye jina la babu wa kijana. Hakuna aliyesema neno baya. Posa haikurudi. Aibu hiyo ndiyo sababu mojawapo watu wengi hawasimami hadharani kusema kwamba babu zao walikuwa watumwa, na dai ambalo mwenyewe anaona haya kulitamka haliwezi kufika mahakamani.

Katiba ya 2010 ilifungua mlango. Ibara ya 67 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na Sheria ya Vyeti vya Ardhi yenyewe ilifutwa mwaka 2012, ingawa vyeti ilivyozaa vinaendelea kutambulika. Kisha marekebisho ya 2016 yakaeleza dhuluma ya kihistoria ni ipi: ni ile iliyotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895, Kenya ilipofanywa himaya ya Uingereza, na tarehe 27 Agosti 2010. Ninaelewa kwa nini mtunga sheria alihitaji tarehe. Lakini tarehe hiyo inaanza kuhesabu siku Mzungu alipotwaa nchi, na hivyo inayaona mashamba ya Malindi kana kwamba yalitoka ardhini yakiwa na wenyewe tayari. Jinsi shamba lilivyopatikana, nani alilifyeka na kwa kulazimishwa na nani, ni mambo ya 1865 au 1880, na yote yako nje ya mlango. Anayebaki na la kudai ni yule awezaye kuonyesha kwamba 1908 alikuwa na haki ikanyang'anywa, wakati hoja ya mtumwa ni kwamba alinyimwa nafasi ya kuwa na haki.

Ipo ibara nyingine ambayo sijui kwa nini haizungumzwi zaidi Pwani. Ibara ya 65 inasema asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza tu kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99, na umiliki wowote wa kudumu aliokuwa nao uligeuka upangaji wa miaka 99 tangu Katiba ilipoanza kutumika. Maana yake ni kwamba mrithi mwenye uraia wa Oman au Uingereza, na asiye na wa Kenya, hana tena kile ambacho babu yake aliandikishiwa. Ni mpangaji wa Jamhuri, kama vile mzee wangu alivyo mpangaji wake. Serikali ikifungua daftari la Kilifi, Kwale, Lamu na Mombasa, ikatazama cheti kimoja baada ya kingine ni cha raia au si cha raia, itagundua kwamba katika mashamba mengi inaponunua inalipa bei ya umiliki wa milele kwa mtu ambaye amebakiwa na upangaji wenye kikomo. Kazi hiyo ni ya makarani na mawakili, haihitaji maandamano. Inayohitajika pamoja nayo ni Tume ya Taifa ya Ardhi kukubali kaburi, kisima na kumbukumbu ya wazee kuwa ushahidi, na kuacha kumtoza mkaaji gharama ya kumlipa bwana.

Sheria ya 2016 ilitoa miaka mitano ya kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria, na dirisha hilo lilifungwa mwaka 2021. Mzee wangu hakuwahi kulisikia. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama zile stakabadhi za baba yake zingemsaidia endapo dirisha lingefunguliwa tena. Ilinibidi nimwambie jinsi zinavyosomwa mahakamani. Aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 bila ruhusa anaweza kuidai kuwa yake; aliyekaa kwa ruhusa hawezi, hata akikaa miaka mia, na stakabadhi ya ijara ndiyo ushahidi wa ruhusa. Baba yake alizitunza kwa nusu karne akiamini zinathibitisha kwamba walikuwa watu wa hapo. Mzee alizipanga upya kwa mwaka, akazirudisha ndani ya kopo, akalifunga.